Kielelezo Hakisemi, Husemewa

Mfugaji wa Chamwino au Bahi mkoani Dodoma anayeamka alfajiri na kukuta zizi limevunjwa hahitaji kufundishwa kwamba ardhi hutunza habari. Kabla jua halijapanda, wakati mwanga ungali wa ubavuni na kila kishimo cha kwato kina kivuli chake, yeye na majirani huingia njiani kufuata nyayo. Hutazama jinsi mchanga ulivyosukumwa nyuma, ambao hueleza kama mnyama alikuwa akitembea au akikimbizwa. Katika miezi yenye umande hutazama kama umande ulitua juu ya alama au alama ndiyo iliyouvunja utando wa umande, na hutazama vijia vya wadudu waliokatiza juu ya unyayo baada ya mifugo kupita. Kutokana na mambo madogo kama hayo huujenga upya usiku ambao hawakuushuhudia.

Nilipokuwa kijana nilimfuata mjomba wangu katika msako wa namna hiyo. Umahiri wake wa kuona ulikuwa mkubwa, lakini kilichonikaa akilini hadi leo ni jinsi alivyosimama. Tulipofika kwenye jabali tambarare, mahali ambapo ng'ombe elfu wangeweza kupita bila kuacha alama, alichomeka fimbo kando ya kwato la mwisho aliloliona vizuri, akasema, "Hapa zimenipotea." Vijana walitaka kuendelea mbele moja kwa moja, kwa kuwa mbele kulikuwa na kijiji ambacho kila mmoja wetu alikuwa tayari kukituhumu. Mjomba akakataa. Alilizunguka lile jabali kwa duara pana, kimya, hadi alipoziona nyayo tena upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Makala haya yanaihusu ile fimbo. Katika miaka ya karibuni Watanzania wamejenga imani kubwa katika uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai, na imani hiyo ina sababu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1895, ilifanywa kuwa mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2016. Matumizi ya vinasaba vya binadamu (DNA) yana sheria yake tangu mwaka 2009. Jeshi la Polisi lina kamisheni nzima inayoshughulikia uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai. Mtaani Majengo au Nkuhungu utasikia watu wakisema kwamba shahidi anaweza kuhongwa au kusahau, lakini vipimo havidanganyi. Maneno hayo yana ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Kosa lake ni kuchanganya kazi mbili zilizo tofauti. Kazi ya kwanza ni kupima: damu hii ni ya nani, unga huu ni kemikali gani, alama hii ya kidole inalingana na ya nani. Kazi ya pili ni kuujenga upya mkasa: nani alisimama wapi, pigo lilitoka upande gani, kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Kipimo cha vinasaba kinaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba damu iliyo kwenye shati ni ya marehemu, lakini hakisemi ilifikaje pale. Jirani aliyemwinua majeruhi na kumpakia kwenye bajaji kumkimbiza hospitali atakuwa na damu ile ile, pengine nyingi kuliko ya muuaji. Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, anakumbukwa kwa wazo kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Wazo hilo ni sahihi, na ndiyo maana ni la hatari likisomwa kwa haraka, kwa kuwa mgusano hauna habari na nia ya aliyegusa.

Tuchukue madoa ya damu, maana hapo ndipo ufundi na udhaifu wa kazi ya pili huonekana pamoja. Tone la damu likianguka wima juu ya kigae laini hutengeneza doa la duara, na likija kwa mshazari doa hurefuka kama mbegu ya tikiti, mkia wake ukielekea lilikokuwa likienda. Mchunguzi hupima upana na urefu wa doa. Upana ukiwa milimita 4 na urefu milimita 8, hesabu ya pembetatu ya shule ya sekondari humpa pembe ya digrii 30. Akifanya hivyo kwa madoa mengi na kuvuta nyuzi kutoka kila doa kurudi nyuma, nyuzi hizo hukutana katika eneo fulani la chumba, naye husema kwamba mtu alipigiwa hapo. Eduard Piotrowski alifanya majaribio ya namna hii huko Kraków na kuyachapisha mwaka 1895, mwaka ule ule wa kuzaliwa kwa maabara yetu.

Ufundi huo ni mzuri kuutazama, lakini umejengwa juu ya makubaliano kadhaa ambayo msikilizaji mahakamani haambiwi. Uzi ulionyooka huchukulia kwamba tone lilisafiri kwa mstari ulionyooka, ilhali tone halisi huvutwa chini na uzito wake na hupunguzwa kasi na hewa, hivyo njia yake hupinda. Matokeo yake ni kwamba nyuzi huelekea kuonyesha chanzo kilicho juu kuliko kilivyokuwa, na aliyekuwa amechutama huweza kuonekana alikuwa amesimama. Tofauti hiyo yaweza kuamua kama tunazungumzia mapigano ya watu wawili au shambulio juu ya mtu aliyekwisha kuanguka.

Kisha kuna suala la ukuta wenyewe. Pembe hupimwa kwa uaminifu juu ya kitu laini kisichonyonya, kama kigae au kioo. Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, ina ukuta wa udongo uliokandikwa kwa mkono, na nyumba nyingi za pembezoni mwa Dodoma zina sakafu ya udongo au plasta ya mchanga isiyopigwa rangi. Damu ikitua hapo hunyonywa na kutanda kufuata vinyweleo vya udongo, kingo za doa huwa kama ramani ya pwani, na urefu na upana unaopimwa ni wa udongo kuliko wa tone. Tuongeze inzi, ambao katika joto letu hufika kabla ya askari. Inzi aliyekula damu hutapika na kunya vidoa vidogo ukutani, na kwa macho vidoa hivyo hufanana sana na marasharasha ya pigo la nguvu. Anayejenga upya mkasa bila kuwahesabu inzi anaweza kumzulia marehemu pigo ambalo halikuwahi kutokea.

Sidai kwamba elimu hii ni ya kutupwa. Lakini mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti ndefu kuhusu hali ya sayansi ya jinai nchini humo, na kuhusu tafsiri ya madoa ya damu kilisema wazi kwamba mashaka yake ni makubwa mno na kwamba maoni ya wachambuzi kwa jumla hutegemea mtazamo wa mtu kuliko sayansi. Nchi yenye maabara nyingi kuliko zetu imekiri hivyo. Sisi, ambao tunaongeza vifaa na wataalamu kila mwaka, tuna nafasi adimu ya kuupokea ufundi huo pamoja na tahadhari zake, badala ya kuupokea kwanza na kuzikumbuka tahadhari baada ya miaka 30.

Vitabu vya wenzetu pia haviendani daima na mikasa yetu. Silaha iliyozoeleka katika vurugu za porini kanda ya kati ni gobore la kienyeji, na gobore halitemi ganda la risasi. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mikunjo inayochora alama juu ya risasi, hivyo ile kazi maarufu ya kulinganisha mikwaruzo ya risasi na bunduki iliyoifyatua haina pa kushika. Kinachobaki ni vipande vya chuma, mabaki ya kizibo na moshi, na jinsi vipande vilivyotawanyika. Kutokana na mtawanyiko mtu anaweza kukadiria umbali, ila kwa sharti kwamba amelijaribu gobore lile lile kwa kiasi kile kile cha baruti, kwa kuwa mafundi wawili hawatengenezi magobore mawili yanayofanana.

Moto nao una historia yake ya maumivu. Mwezi Desemba 1991 nyumba iliungua huko Corsicana, Texas, na watoto watatu wa kike wakafa. Wachunguzi walizisoma alama za kuungua sakafuni kuwa ni za mafuta yaliyomwagwa, wakavisoma vioo vya dirisha vilivyojaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuwa ushahidi wa moto uliokolezwa ukapanda joto ghafla. Baba wa watoto hao, Cameron Todd Willingham, alihukumiwa kifo na kuuawa kwa sindano ya sumu mwezi Februari 2004 huku akisema hana hatia. Hata kabla ya moto huo wa Corsicana, wachunguzi waliokuwa wakichunguza kesi nyingine huko Jacksonville, Florida, walikuwa wameunguza nyumba halisi kwa makusudi ili kupima nadharia yao, na wakaona kwamba chumba kinaweza kulipuka chote kwa moto katika muda wa chini ya dakika tano na kuacha sakafuni alama zile zile zilizodhaniwa kuwa za mafuta, bila tone la mafuta kumwagwa. Majaribio mengine yalionyesha kwamba nyufa za vioo hutokana na kupoa ghafla, yaani maji ya kuzimia moto yakikirukia kioo cha moto. Alama iliyosomwa kuwa ya mchomaji ilikuwa ya waokoaji.

Kila ninapopita penye vibanda vilivyoungua na kuwaona watu wamesimama na ndoo tupu, huviangalia vioo na kukumbuka habari hiyo. Wachunguzi wa Corsicana hawakuwa waongo. Walikuwa wamerithi kanuni kutoka kwa waliowatangulia, na kwa kuwa wengi walioshtakiwa kwa kanuni hizo walipatikana na hatia, kila hukumu ilichukuliwa kuwa uthibitisho wa kanuni. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza ni kitu gani kingine kingeweza kuacha alama ile ile.

Hapo ndipo ninapokumbuka vijana waliotaka kukimbilia kile kijiji. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake waliwachukua wataalamu watano wa alama za vidole, wakampa kila mmoja jozi ya alama ambazo yeye mwenyewe, miaka kadhaa kabla, alizitamka kuwa zinalingana. Hawakuambiwa kwamba ni zao. Waliambiwa kwamba ni alama za kesi mashuhuri ambayo polisi wa Marekani walikosea, ile ya milipuko ya treni ya Madrid ya mwaka 2004, ambapo wakili mmoja wa Oregon alikamatwa kwa alama isiyo yake. Wanne kati ya watano walibadili uamuzi wao. Alama zilikuwa zile zile na macho yale yale, kilichobadilika kilikuwa hadithi waliyosimuliwa kabla ya kutazama.

Mazoea yetu ni kumpa mtaalamu hadithi yote tangu mwanzo. Anafika eneo la tukio akiwa ameshaambiwa na mpelelezi nani anashikiliwa, mtuhumiwa alikuwa na ugomvi gani wa shamba, na mke wake alisema nini. Hafanyiwi hivyo kwa nia mbaya, maana ni adabu ya kazi kumweleza mgeni habari. Ila mtu aliyekwisha kuambiwa nyayo zinaelekea wapi atakuwa hodari mno kuziona zikielekea huko, hata juu ya jabali.

Sheria yetu haijalala katika mambo haya, lakini imekesha upande mmoja. Mwaka 2009, katika uamuzi uliotolewa hapa Dodoma na ambao mawakili huutaja karibu kila siku, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana, zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa, ili isiwepo nafasi ya kubambikiza. Baadaye mahakama hiyo hiyo ililegeza kidogo kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa. Mlolongo wa utunzaji wa vielelezo sasa ni msamiati wa kila koplo. Hilo ni jambo jema. Lakini mlolongo huo hulinda safari ya kitu kutoka mkono hadi mkono, na haugusi safari ya fikra kutoka kitu hadi maelezo. Shati linaweza kutunzwa kwa uadilifu wote kutoka Mpwapwa hadi maabara na kurudi, kisha likasemewa uongo kwa nia njema kizimbani. Tumejenga ua wa miiba kuzunguka kielelezo na kuiacha tafsiri yake ichunge ovyo.

Dawa haiko mbali. Tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika uamuzi wa mwaka 1958 ambao bado unafuatwa, ushahidi wa mazingira humtia mtu hatiani pale tu unapokuwa hauwezi kuelezwa kwa namna nyingine yoyote ya busara isipokuwa kwa hatia yake. Kanuni hiyo hutumiwa na jaji mwishoni mwa kesi, akiwa ameuweka ushahidi wote mezani. Hoja yangu ni kwamba ishuke ngazi moja na kuingia ndani ya ripoti ya mtaalamu mwenyewe, kwa sababu kila doa linalotafsiriwa ni kesi ndogo ya ushahidi wa mazingira. Anayeandika kwamba marehemu alipigwa akiwa amelala aandike pia maelezo mengine aliyoyafikiria, ni kitu gani kilichoyaondoa, na ni yapi ambayo hakuweza kuyaondoa.

Nambari nazo ziandikwe kwa upana wake. Gari limefunga breki kwenye barabara kuu ya Morogoro karibu na Kibaigwa na kuacha mburuzo wa mita 30. Ikiwa lami ni kavu na safi, hesabu ya kawaida inatoa kasi ya takriban kilomita 73 kwa saa. Ikiwa barabara ilikuwa na mchanga na kokoto zilizoletwa na upepo, mshiko hupungua na mburuzo ule ule huashiria kasi ya kilomita 55 hivi. Mtaalamu anayetaja nambari moja bila kusema alichukulia barabara iko vipi ametoa uamuzi ambao si wake, na kama alama hizo zilipimwa baada ya siku mbili za upepo wa Agosti, hata yeye mwenyewe hawezi kurudi kuhakiki.

Lugha inaongeza utata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo ripoti nyingi za kitaalamu bado huandikwa kwa Kiingereza na kufasiriwa papo hapo, na humo kuna msemo mmoja unaofasiriwa "inaendana na". Daktari akiandika kwamba jeraha linaendana na panga, anamaanisha tu kwamba panga halijaondolewa katika orodha, na jembe, shoka au bati lenye ncha huenda navyo vimo. Msikilizaji wa kawaida, na wakati mwingine hata karani anayenukuu, husikia kwamba lilikuwa panga. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha "huenda", "yaelekea" na "bila shaka" kwa uwazi kuliko msemo huo wa kuazima, laiti waandishi wa ripoti wangekubali kuyatumia maneno hayo.

Najua wapelelezi watauliza kama masharti haya hayatawapa wahalifu mwanya. Swali lao ni la haki, lakini wasisahau kwamba ushahidi wa vitu huwa imara zaidi unapokanusha. Huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mauaji ya msichana mmoja kati ya wawili waliouawa, hadi kipimo cha vinasaba cha mwanasayansi Alec Jeffreys kilipoonyesha kwamba hakuwa yeye. Muuaji halisi alipatikana na kuhukumiwa mwaka 1988. Vivyo hivyo, doa lililo kwenye ukingo wa mlango, unaofichika mlango ukifungwa, mara nyingi haliwezi kueleza mkasa mzima, lakini linaweza kuonyesha kwamba mlango ulikuwa wazi damu iliporuka, na kumnyamazisha anayeapa kwamba aliufunga. Kukanusha uongo mmoja kwa uhakika kuna thamani kuliko kusimulia hadithi ndefu kwa kubahatisha, na mpelelezi makini hupata kesi iliyo imara kwa kukanusha mambo matano au sita.

Tatizo la vitendo linabaki. Mwenye kesi ya mauaji hupewa wakili kwa gharama ya serikali, ila wengi wanaosimama mbele ya mahakama za wilaya hujitetea wenyewe, na mkulima wa Kongwa hawezi kumhoji mtaalamu kuhusu pembe za matone. Ripoti husomwa, mshtakiwa huulizwa kama ana swali, naye hujibu hana. Lakini Sheria ya Ushahidi humruhusu hakimu kumuuliza shahidi swali lolote analoona linafaa ili kuupata ukweli, na hakimu hahitaji kuwa mkemia kuitumia ruhusa hiyo. Anaweza kumwomba mtaalamu aliye mbele yake aonyeshe, katika kurasa zake mwenyewe, ni mstari gani wa mwisho ulioandikwa kwa kutazama, na ni upi wa kwanza ulioandikwa kwa kukisia.